Kifurushi cha Mzee Kailemia

"Mimi hata maiti nikiisalimia itaitikia."

Ndivyo alivyojigamba Mutwiri pale stendi ya boda Laare, ameegemea pikipiki yake, mikono kifuani, kama mtu anayengoja kupigwa picha ya kampeni. Aliyekuwa akimsikiliza ni Mbaabu, mwendesha boda mwenzake, ambaye kazi yake ya pili ilikuwa kumrudisha Mutwiri duniani.

"Maiti ikuitikie," Mbaabu akasema, "na huyo mpwa wako Kajuju ukimtuma maji anajifanya kiziwi?"

"Kajuju hajaiva, buda. Mzee Kailemia ndiye saizi yangu. Kabla ya chakula cha mchana nitakuwa nimemfungua kama soda."

Ilibidi mtu amfungue, kweli. Shule ya msingi iliyo kilimani juu ya soko ilikuwa imefura kama mandazi yaliyotiwa hamira ya bure. Kila mwaka Laare ilizaa nyumba mpya za kupangisha, kila nyumba ikazaa watoto, na watoto wote wakaelekea lango lilelile. Halafu gredi ya saba, ya nane na ya tisa nazo zikabakizwa papo hapo badala ya kupelekwa sekondari. Gredi ya nne walikaa wanne kwenye dawati la wawili, na waliochelewa walikaa dirishani, nusu ndani nusu nje, mvua ikinyesha wanasoma kwa upande mmoja wa mwili. Kajuju alikuwa gredi hiyo. Kila jioni alirudi na hesabu mgongoni, maana aliyekaa nyuma yake hakuwa na pa kuegemeza daftari, na kalamu ikipita ukingo inaendelea kwenye sweta ya mwenzio. Mutwiri alipenda kumgeuza amsahihishie.

"Mwambie huyo rafiki yako saba mara nane si hamsini na nne. Na asiandike kwenye kola, hapo ni pambizo."

"Anko, yeye hana mahali pengine," Kajuju alikuwa akijibu, bila kucheka.

Mfuko wa maendeleo wa eneo bunge ulikuwa umekubali kujenga madarasa mapya, ya mawe, yenye vioo madirishani. Ulitaka jambo moja tu: ardhi, na sahihi ya mwenye ardhi, kabla mwaka wa serikali haujafungwa mwezi wa sita. Ukifungwa bila sahihi, pesa zingehamia shule nyingine, na huko tayari walikuwa wakizimezea mate. Ardhi iliyopakana na shule ilikuwa ya mtu mmoja, naye ni Mzee Kailemia.

Mzee Ishmael, mwenyekiti wa wazazi, hangeweza kwenda mwenyewe. Yeye na Kailemia walikosana wangali vijana, kisa mpaka wa shamba, na kwa desturi ya vilima vile wazee waliokosana hawaanzi na maneno. Kinatangulia kifurushi. Unachuma miraa ya mbaine, ile miti mikongwe iliyoachwa na mababu, unaifunga kwa jani la mgomba, unamtuma kijana. Mzee akikubali ombi, anafungua na kutafuna. Akikataa hakigusi, na kijana anarudi nacho kama alivyokwenda. Kwa hiyo huna haja ya kumuuliza aliyetumwa amejibiwa nini. Unamtazama mikono.

Ishmael alikifunga kifurushi mwenyewe, akakikaza kwa kamba ya mgomba. "Wewe una mdomo," alimwambia Mutwiri, "na babu yako alikuwa rika moja na Kailemia. Jumapili sisi wazee tutafuata. Lakini kijana, msalimie kwanza. Kwa yule mzee salamu ni nusu ya jambo."

"Mzee, salamu ndiyo kazi yangu."

Sasa kuna jambo ambalo Mutwiri hakumwambia Mbaabu, wala Ishmael, wala mtu mwingine aliyezaliwa na mwanamke. Alikuwa akimwogopa Kailemia kuliko radi.

Utotoni aliwahi kupanda mbaine ya mzee huyo ili aibe. Kailemia akamkuta juu. Hakupiga kelele, hakuokota jiwe. Alileta kigoda, akakaa chini ya mti, akangoja. Mara mojamoja alikohoa kikohozi kikavu, kama mtu anayebisha mlango wa chumba ambacho anajua kina mtu. Ukungu ukashuka kutoka kilimani hata Mutwiri akawa haioni ardhi, anakisikia kikohozi tu, mahali palepale, hakisogei. Mkojo wake ndio uliotangulia kushuka. Mwishowe mke wa mzee, Karwirwa, alikuja kumwita mumewe akale, na yule mtoto akateremka akakimbia bila kuangalia nyuma. Tangu hapo alijua kwamba kuna wazee wanaopiga, na kuna wanaongoja, na wanaopiga ndio nafuu.

Siku ya kifurushi nayo ilikuwa ya ukungu. Mutwiri aliacha pikipiki barabarani, akapanda kijia, akafika langoni kwa Kailemia. Mkono aliuinua kabisa wa kupiga hodi. Ndipo kikohozi kikatoka uani: kikavu, mara moja, kisha kimya.

Ule mkono ukashuka wenyewe.

Alijiambia anarudi chini kidogo tu, apange maneno. Chini ya shamba, karibu na ua wa shule, palikuwa na jiwe pana katikati ya nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, na hapo akakaa. Akajiambia achomoe kijiti kimoja cha kutia moyo. Mbaine lakini si miraa ya kijiti kimoja. Kijiti cha kwanza kilimwambia wewe ni mwanamume. Cha pili kilimwambia mzee hana haraka. Cha tatu kilimpa hotuba nzima, yenye methali na machozi, na ilikuwa hotuba nzuri kweli, hata akaisema kwa sauti mbele ya nepia, nepia ikatikisa kichwa. Alipopapasa tena akakuta jani tupu. Jua lilikuwa limeshapinda huko juu ya ukungu, mdomo wake ni wa kijani kama mbuzi, na moyo umejaa ushujaa usiokuwa na kifurushi.

Jani akalitupa kwenye nepia. Akaenda shuleni.

Mzee Ishmael alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi pamoja na mwalimu mkuu, Madam Lenah. Hawakumuuliza kitu. Walimtazama mikono.

Hapo angeweza kusema. Mtu mwenye mdomo kama wake alihitaji maneno matatu tu: sijafika, nipeni kingine. Lakini Madam Lenah alikuwa ameshajifunika uso kwa viganja kwa furaha, na Ishmael, mzee mgumu kama gogo la mkaratusi, alikuwa akivua kofia polepole.

"Alifungua?" Ishmael akauliza kwa sauti ya chini.

"Alifungua mbele yangu."

"Akasema nini?"

Mutwiri alitazama darasa la gredi ya nne, miguu ya watoto inaning'inia dirishani.

"Akasema: watoto wasome."

Hata yeye alihisi ni maneno mazuri. Mpango ulikuwa kesho yake apeleke kifurushi kingine kimyakimya, aombe, akubaliwe, na uongo ugeuke ukweli uliowahi kufika. Kesho yake asubuhi, kabla hajawasha pikipiki, alisikia vilio kilimani. Mzee Kailemia alikuwa amelala na hakuamka.

*

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kuuona uongo uliopata wafadhili.

Kwenye mazishi mchungaji alisema marehemu alikuwa mtu wa maneno machache, na machache ya mwisho yalikuwa haya: watoto wasome. Umati ukaitikia amina. Mutwiri akaombwa asimame ili watu wamwone kijana aliyeyapokea. Alisimama. Upande wa pili wa kaburi, Karwirwa alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, shali mabegani, akimtazama. Hakulia. Alimtazama jinsi unavyotazama sufuria ya maziwa jikoni, bila haraka, kwa kuwa unajua itachemka.

Wiki hiyohiyo bango likapigwa rangi na kusimikwa langoni mwa shule: WATOTO WASOME. MZEE KAILEMIA. Wazazi hawakungoja pesa za mfuko. Walikuja na majembe, wakafyeka nepia, wakachimba msingi, wakasomba mawe kutoka mtoni, kina mama wakiimba. Mutwiri alibeba maji ya wachimbaji kwa pikipiki na hakutoza hata nauli ya mtungi mmoja. Watu wakasema kijana huyu kumbe ana roho. Hawakujua roho yenyewe ilivyokuwa inakaa siku hizo.

Asubuhi ya kwanza alipofika na mitungi alikuta lile jiwe pana limebaki peke yake katikati ya mitaro, maana walisema litavunjwa mwisho. Juu yake palikuwa na jani la mgomba. Bichi, limefutwa umande, limekunjwa pande mbili tayari kwa kufungia, na kamba yake kando. Ndani hamna kitu.

Alilitupa. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na jingine.

"Ni watoto wanacheza," alimwambia Mbaabu.

"Watoto wa wapi wanaamka kabla ya kuku kucheza duka la majani?" Mbaabu akacheka. "Si ungeisalimia hiyo jani? Wewe si hata maiti zinakuitikia?"

Mutwiri hakucheka, na hiyo ndiyo mara ya kwanza Mbaabu alimtazama vizuri. Alikuwa amekonda. Tena alikuwa ameacha kusalimu watu. Yeye aliyekuwa akipita sokoni anaita kila mtu, kila mbuzi na kila mlingoti wa stima, sasa alipita ameinamisha kofia ya pikipiki hata akiwa kwa miguu.

Sababu hakuisema. Sababu ilikuwa kikohozi. Ukungu ukishuka asubuhi juu ya mitaro, wachimbaji bado hawajafika, yeye anamimina maji kwenye pipa, kinatoka upande wa jiwe: kikavu, mara moja. Anageuka. Jiwe, jani, ukungu. Anaendelea kumimina, anahesabu moyoni kwamba huyo ni ng'ombe wa jirani, ni tawi, ni koo lake mwenyewe. Kinakohoa tena. Hakisogei. Kinabisha tu, na hakina hasira hata kidogo. Kingekuwa na hasira angejua la kufanya, angekimbia.

Nyumbani nako hakukuwa na pa kujificha. Jioni moja Kajuju alirudi, akamgeuzia mgongo kama kawaida asahihishiwe. Hapakuwa na hesabu. Walikuwa wamepewa zoezi la mwandiko, na mwenzake wa nyuma, kalamu ikipita ukingo wa daftari kila mstari, alikuwa ameandika kutoka begani mpaka kiunoni: wasome, wasome, wasome.

"Anko, amekosa wapi?"

"Hajakosa," Mutwiri akasema. "Vua hiyo sweta ifuliwe."

"Mwalimu anasema tukihamia darasa jipya kila mtu atakuwa na dawati. Mimi nitakaa mbele kabisa, nyuma yangu kuwe na hewa tu." Akafikiri. "Wewe ndiye ulimfanya Mzee Kailemia akubali, eeh?"

"Nenda ukalale, Kajuju."

"Lakini jua halijazama."

*

Mwezi wa sita ukaingia. Mwiti, mtoto mkubwa wa Kailemia, mfanyakazi wa ofisi mjini Embu, ndiye aliyebaki na mamlaka ya kutia sahihi kwa niaba ya familia. Alikuja akiwa amevaa koti na viatu visivyopenda matope. Afisa wa mfuko alikuja naye, mkoba kwapani, akisema anataka kuondoka na karatasi iliyotiwa sahihi siku hiyohiyo, la sivyo asilaumiwe.

Walikutana palepale kiwanjani, kati ya mitaro. Wazazi walikuwapo, Mzee Ishmael, Madam Lenah, na gredi ya nne nzima imepangwa mstari kuimba. Karwirwa aliletewa kiti, kikawekwa karibu na lile jiwe. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye bati la shule. Juu kidogo ya kiwanja, ng'ambo ya ua wa miti, kaburi la mzee lilionekana na kupotea, likaonekana na kupotea.

Mwiti akatoa kalamu. "Mimi sina neno," alisema. "Baba akifungua kifurushi, amefungua. Sitamkatalia akiwa chini. Lakini desturi naijua hata kama nakaa mjini. Neno la marehemu linasemwa juu ya ardhi yenyewe, mbele ya mke wake, na mtu aliyelisikia. Aliyebeba kifurushi yuko wapi?"

Watu wakapisha. Mutwiri akasogea, kofia mkononi.

Angeweza hapo pia. Lakini Kajuju alikuwa mstari wa mbele, sweta yake imefuliwa, na alikuwa anamtazama kama mtu anayetazama mjomba wake. Ulimi ukateleza kwenye njia uliyoizoea.

"Nilifika kwake asubuhi," akasema. "Nikampa kifurushi. Akakifungua. Akasema, watoto wasome."

"Amina," wakaitikia wazazi. Mwiti akainama juu ya karatasi.

"Ngoja kidogo, mwanangu," Karwirwa akasema.

Hakupaza sauti. Aligeuza kiti kidogo, akamtazama Mutwiri.

"Ulimkuta amekaa wapi?"

"Uani, juju," Mutwiri akajibu, kwa heshima ya nyanya. "Kwenye kigoda."

"Kweli alikuwa kwenye kigoda. Alikuwa amevaa nini?"

"Koti." Alibahatisha, akaona uso wa Karwirwa haukubadilika, akapata nguvu. "Lile la kawaida."

"La kanisani," akasema Karwirwa. "Habari zilikuwa zimemfikia kwamba kifurushi kinakuja. Siku nyingi alikuwa akiniambia, Ishmael ataniomba lini hii ardhi, watoto wa watu wamekaa madirishani kama njiwa. Aliamka mapema akaoga, akaniambia fagia uani, weka maji ya kunawa. Alikuwa na kifua kibaya, nikamsihi akae ndani, akakataa. Akasema kijana akifika asinikute kitandani, ataona kama namdharau."

Karwirwa akaweka kiganja juu ya jiwe.

"Asubuhi nilishuka kukata nepia," akaendelea. "Hapa. Panga langu lilikuwa upande ule. Nikasikia mtu anahutubia. Nikachungulia, nikamwona mjukuu wa rika la mume wangu, amekaa juu ya jiwe hili, anaiambia nepia mambo mazuri sana, jani la mgomba limefunguka mapajani. Nikasema labda bado kuna kingine cha kupeleka. Nikapanda nyumbani nikangoja. Mume wangu akaniuliza, huyo mtoto hajafika tu? Nikamwambia yuko njiani. Ningemwambia nini, Mutwiri? Kwamba ombi lake linatafunwa bondeni? Ukungu ukaingia uani, akakataa kuondoka. Nilimbeba jioni akiwa baridi mpaka magotini."

"Juju," Mutwiri akasema.

"Jani nimekuwa nikikutandikia hapa kila alfajiri. Nilidhani utaona, ulijaze, uje mwenyewe kwangu kabla watu hawajakusanyika. Mimi nilikuwa nimeshatandika. Kazi yako ilikuwa kuja tu."

Mzee Ishmael alikuwa anamtazama Mutwiri mikono, kama siku ile. Mwiti alikuwa ameinua kalamu kutoka kwenye karatasi, na wino ulikuwa haujagusa kitu. Afisa wa mfuko akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akauliza basi familia inasemaje, inatoa au haitoi.

"Angetoa," Karwirwa akasema. "Najua angetoa, na nyote mmesikia nikisema. Lakini asiyeombwa anatoaje? Hakuna aliyemwomba." Akanyoosha kidole kuelekea ua wa miti, kule kaburi lilikoanza tena kupotea. "Nasikia pale stendi ulisema hata maiti ukiisalimia itaitikia. Basi yuko pale. Bado anakungoja, wewe unamjua alivyo. Mwiti hataweka sahihi wala hatafunga kalamu mpaka tusikie. Msalimie."

Watu wote wakageuka kumtazama. Gredi ya nne wakageuka, mstari mzima, na Kajuju pamoja nao.

Mutwiri akafungua mdomo. Huko kwenye ukungu, kikavu, mara moja, kikohozi kikabisha. Na kati ya watu wote waliokuwa pale, aliyeshtuka alikuwa mmoja.

"Umesikia?" Karwirwa akamuuliza taratibu. "Haya. Tunangoja."